Mtego uliomeza rangi: kisa cha koili za IF (masafa ya kati) kwenye televisheni ya zamani, Arusha

Televisheni yenyewe ni ya rangi, kabati la mbao, inchi 26, ya Ujerumani ya mwishoni mwa miaka ya 1970. Ilifika karakana moja ya Ngarenaro sauti ikiwa mchakacho mtupu; huo ulipoondolewa, yalibaki malalamiko matatu: picha haina rangi, herufi zinaacha kivuli upande wa kulia, na sauti ina mvumo unaopanda kila maandishi meupe yanapotokea chini ya kioo. Ukigusa tyuning kidogo mvumo unapungua, lakini picha inavaa ukungu. Ukirudisha, picha inakaa vizuri na mvumo unarudi. Hapakuwa na mahali ambapo picha na sauti zinakubaliana.

Mwenye nayo alieleza pia ilivyoanza, na maelezo hayo ndiyo yaliyookoa muda. Tangu analojia izimwe Arusha mwaka 2013, seti za aina hii kwa kawaida zinapata picha kwa njia hii: king'amuzi kinatoa AV (picha na sauti kwa waya), AV inaingia kwenye kisanduku cha modyuleta, na modyuleta inaibeba kama kituo kidogo cha matangazo na kutoa chaneli ya UHF kwenda kwenye tundu la antena. Modyuleta ya awali iliungua, ikanunuliwa nyingine. Picha ikaja safi, rangi ipo, ila sauti ikawa mchakacho mtupu. Fundi wa kwanza akafungua mgongo wa seti na kuanza kuzungusha koili akiitafuta sauti. Sauti haikuja, na rangi ikaondoka.

Ubovu wa mwanzo, basi, haukuwa ndani ya televisheni. Huku bara tulitumia mfumo wa matangazo wa PAL B/G, ambamo wimbi la sauti linakaa MHz 5.5 juu ya wimbi la picha. Uingereza na Afrika Kusini walitumia mfumo I, na huko umbali ni MHz 6.0. Modyuleta nyingi zina swichi ndogo au menyu ya kuchagua B/G, I, D/K au M/N, na iliyotengenezwa kwa soko la Afrika Kusini inaweza kutoka kwenye boksi ikiwa imekaa kwenye I. Ndani ya seti hii, kabla ya IC ya sauti, TBA120S, kuna filta ya keramiki ya MHz 5.5. Kinachokuja kwenye 6.0 hakipiti hapo, hata uzungushe nini. Swichi ya kisanduku ilikuwa kwenye I. Iliposogezwa kwenye G mchakacho ukaisha papo hapo, na mvumo ndio ukajitokeza. Huo sasa ulikuwa ni wa mikono ya watu.

Nani yuko wapi ndani ya IF

Oscillator ya tyuna, yaani wimbi ambalo tyuna hulitumia kuishusha kila chaneli hadi IF, inakimbia juu ya chaneli, kwa hiyo mpangilio hugeuka ukishaingia kwenye masafa ya kati. Picha inakaa juu, MHz 38.9. Sauti iko chini, 33.4. Rangi, ambayo kwenye PAL iko 4.43 kutoka kwenye picha, inaangukia 34.47. Shika umbali kati ya hizo mbili za chini: sauti na rangi zimepishana MHz 1.07 tu. Sauti inatakiwa ikandamizwe, rangi inatakiwa ipite. Koili inayoikandamiza sauti ni mtego, na mtego ukisogea megahezi moja kwenda juu unaimeza rangi.

Muundo wa seti hii ni wa kawaida kwa umri wake. Tyuna inatoa IF kwa kebo fupi hadi kwenye moduli ya makopo ya koili, ambamo mna mitego na koili za kupitisha. Koili ya mwisho inalisha IC ya IF, TDA2540, kwenye pini 1 na 16. IC hiyo inakuza na kutoa video kwenye pini 12. Ina koili mbili za pembeni: moja ya marejeo, ya kitambuzi kinachotoa video, kati ya pini 8 na 9, nyingine ya AFC (inayoshikilia tyuning isihame) kati ya 7 na 10. Seti zilizokuja baadaye ziliweka filta ya SAW badala ya makopo hayo, na huko hakuna cha kuzungusha isipokuwa koili hizo mbili za IC.

Kusoma alama za mkono

Koili ya IF haiamki asubuhi ikiwa imehama. Kiini chake kimefungwa kwa nta au tone la rangi kiwandani, na kikiachwa kinadumu miongo. Kinachochakaa ni kapasita za elektroliti, soketi za moduli na lehemu. Ndiyo maana kabla ya kushika bisibisi ya plastiki kulikuwa na kazi mbili za lazima. Ya kwanza ni kupima volti 12 inayoingia kwenye pini 11 na kuangalia kama ina mawimbi ya umeme wa kawaida, kisha kupima elektroliti za njia ya volti hiyo na za njia ya AGC (inayojirekebishia nguvu ya ishara). Kapasita kavu ya AGC inaleta picha iliyogeuka, nyeusi ikiwa nyeupe na nyeupe ikiwa nyeusi, au yenye mistari inayopanda, na fundi mwenye haraka ataapa kwamba ni koili. Hapa moja ilikuwa imekauka, ikabadilishwa, dalili zote zikabaki vilevile.

Ya pili ni kupiga picha kila kopo kwa simu, kwa karibu, taa ikitoka pembeni. Muhuri uliovunjika unaonekana wazi: nta imepasuka mduara, kingo za tundu la kiini zimeng'oka unga wa kijivu. Kwenye moduli hii mihuri iliyovunjika ilikuwa minne, mbali na koili ya MHz 5.5 ya TBA120S ambayo nayo iliguswa: mtego wa 33.4, koili moja ya kupitisha upande wa 38.9, koili ya marejeo, na ile ya AFC. Mitego ya chaneli jirani, 31.9 na 40.4, ilikuwa na rangi yake ya kiwandani. Haikuguswa. Mtu anaweza kusema siku hizi kisanduku kinatoa chaneli moja na majirani hawapo, kwa hiyo mitego hiyo haina kazi. Ina kazi: kingo za mkunjo wa IF (mchoro wa masafa yanayopita na yanayozuiwa) zimechongwa na hiyo mitego, na ukiihamisha utaharibu mteremko wa 38.9 bila kujua umetokea wapi.

Makopo mengine yote yaliwekewa tone la rangi ya kucha juu ya tundu, yasije yakazungushwa kwa bahati mbaya.

Meza kabla ya vipimo

Chasi ya seti ya kizazi hiki mara nyingi imeunganishwa moja kwa moja na umeme wa ukutani. Ukiifunga NanoVNA, kifaa kidogo kinachofagia masafa na kuchora mkunjo, kwenye chasi hiyo, na NanoVNA imechomekwa kwa USB kwenye kompyuta, ni shoti, na kompyuta imekwenda. Suluhisho ni transfoma ya kutenga ya 230 kwa 230, au bora zaidi kuitoa moduli pamoja na tyuna na kuzilisha mezani kwa volti 12. Hapa ilifanyika hivyo, kwa sababu pia kioo cha rangi chenye kilovolti 25 karibu na kiwiko si kitu cha kufanyia kazi ya taratibu.

Tyuna lazima iende na moduli, tena kwa kebo ileile. Koili ya kutokea ya tyuna, uwezo wa hiyo kebo na koili ya kwanza ya moduli ni mzunguko mmoja. Ukiweka kebo ndefu zaidi kwa urahisi wa meza, utapanga IF ya meza, si ya televisheni.

Viunganisho vilikuwa hivi. Mlango wa kutolea wa NanoVNA ulipita kwenye kipunguza nguvu cha dB (desibeli) 20, halafu kapasita ya nF 1, hadi kwenye pointi ya kupimia ya mikisa (sehemu ya tyuna inayochanganya chaneli na oscillator), tyuna ikiwa VHF. Mlango wa kupokea ulichukua kutoka pini 1 ya TDA2540 kupitia resista ya kilo-ohmu 4.7 yenye miguu mifupi kabisa. Resista hiyo inapoteza karibu dB 40 dhidi ya ohmu 50 za kifaa, na hiyo ni gharama ya kukubali: ukichomeka ohmu 50 kavu kwenye pini 1 unaizamisha koili ya mwisho na mkunjo unalala. IC iwe kwenye soketi yake na volti 12 zikiwepo, maana nayo ni mzigo wa koili.

Kabla ya kuamini chochote, ongeza dB 10 nyingine za kupunguza. Mkunjo wote ukishuka dB 10 bila kubadilika umbo, mikisa haijazidiwa. Ukishuka dB 6 na kilele kikachongoka, punguza nguvu zaidi.

Kisha acha vitu vipate joto. Julai Arusha asubuhi ni baridi, na koili iliyopangwa ikiwa baridi itahama ndani ya kabati lenye moto wa seti ya rangi. Nusu saa inatosha.

Mkunjo ulivyokuwa

Ufagiaji wa kwanza ulikuwa MHz 28 hadi 43. Kwa pointi 101 hiyo ni hatua ya kHz 150, inatosha kuona umbo lakini si kuupata mtego. Katikati, 36.5, ilichukuliwa kuwa dB 0. Picha, 38.9, ilikuwa dB 11 chini wakati inatakiwa 6. Sauti, 33.4, ilikuwa dB 9 tu chini. Rangi, 34.47, ilikuwa dB 27 chini. Ufagiaji wa pili, 32.5 hadi 35.5, hatua ya kHz 30, ulionyesha shimo kali limekaa karibu kabisa na 34.4.

Malalamiko yote matatu yanasomeka humo. Mtego uliokuwa wa sauti umekalia rangi, kwa hiyo kizimishi cha rangi cha seti kinaona hakuna kitu na kinafunga. Sauti iliyoachwa huru inafika kwenye kitambuzi ikiwa na nguvu kupita kiasi. Picha nayo imeteremshwa, hivyo uwiano wa picha na sauti umeharibika kwa pande zote mbili. Mvumo unapanda kwenye maandishi meupe kwa sababu mfumo wetu una modulesheni hasi: weupe ndio wimbi dogo kabisa, kama asilimia 10 ya kilele. Sauti ya 5.5 inazaliwa kwa kuchanganya mawimbi mawili, na la picha likikaribia kuisha, kinachosikika ni picha yenyewe, mara 50 kwa sekunde.

Na kivuli cha herufi? Hicho kinatoka kwenye mteremko wa 38.9. Picha inatumwa ikiwa na upande mmoja kamili na kipande cha upande wa pili. Mteremko unaokata 38.9 kwenye nusu, yaani dB 6, ndio unaofanya pande hizo zijumlishwe sawasawa. Ukiwa dB 11, sehemu pana za picha zinapungua na kingo zinazidi. Koili ya marejeo iliyohama inaongezea kosa la awamu juu yake.

Mtego na kiini kilichovunjika

Mantiki ya kuurudisha mtego ni rahisi. Kiini cha feraiti kikitoka, masafa yanapanda, kikiingia, yanashuka. Kiini kiliingizwa taratibu kwa kifaa cha plastiki chenye ncha ya pembe sita, na shimo likaanza kushuka: 34.4, 34.2, 34.0. Kwenye 33.8 likasimama. Kiini kikawa kinazunguka na shimo halitembei.

Hapo kuna sababu mbili tu za kufikiria. Ama kapasita iliyo sambamba na koili imepoteza thamani, ama kiini kimekatika. Mwanga wa tochi ndogo kupitia tundu la chini la bodi ulionyesha kipande cha nusu kimekaa chini, na mpasuko wake ni mpya, unang'aa. Bisibisi ya chuma yenye ncha bapa hufanya hivi: inapanua tundu la pembe sita kutoka ndani, na feraiti haipindi, inapasuka. Chuma pia kinahamisha masafa kikiwa ndani ya koili, kwa hiyo unachokipata ukiwa umekishika unakipoteza ukikitoa. Kama duka halina kifaa cha plastiki, sindano ya kufumia ya plastiki iliyochongwa kwa wembe inafaa kabisa.

Kopo lilipashwa moto kwa mashine ya kukaushia nywele hadi nta ikalainika. Pasi ya kulehemu isitumike hapa, inayeyusha kikombe cha plastiki chenye uzi. Nusu ya juu ilitolewa kwa juu. Nusu ya chini ilisukumwa kwa kuizungusha kutokea chini ya bodi, robo mzunguko kwa wakati, ikisimama kila inapokaza. Kiini mbadala kilitoka kwenye kopo la moduli ya IF iliyokufa, la ukubwa uleule na feraiti ya rangi ileile. Kiini cha koili ya redio ya AM kinaweza kuingia vizuri kwenye uzi na bado kikakuangusha: feraiti yake ni ya kilohezi mia kadhaa, kwenye MHz 33 inakula nguvu, na shimo lako litakuwa pana na la kina kifupi.

Kiini kipya kilikuwa kinacheza kidogo. Kipande chembamba cha utepe mweupe wa mafundi bomba, unyuzi mmoja uliolazwa kwenye uzi wake, kilitosha kukishika. Mtego ukashuka hadi 33.4 na shimo likaenda dB 24 chini ya katikati. Kama lingegoma hata kwa kiini kizima, ingebidi kubadili kapasita iliyomo kwenye kopo, na hapo lazima iwe ya keramiki ya NP0. Ile ya kahawia ya kawaida itahama na joto kila jioni.

Mteremko, kisha IC

Mtego ukishakaa, rangi ilipanda yenyewe hadi dB 5 chini ya katikati. Koili ya kupitisha ndiyo ikafuata, jicho likiwa kwenye 38.9 na 34.47 kwa pamoja, kwa sababu ukinyanyua upande mmoja mwingine unashuka. Iliishia hivi: 38.9 ikiwa dB 6 chini, 34.47 ikiwa dB 4 chini, na katikati pameinama chini ya dB 1. Mtego ulirudiwa baada ya hapo. Ulikuwa umesogea kidogo sana, kama inavyotarajiwa makopo yanapopakana.

Ukiwa na karatasi ya huduma ya seti yako, fuata namba zake za rangi, maana baadhi ya watengenezaji walitaka rangi iwe dB 6 chini kisha wakafidia kwenye sehemu ya rangi. Ile ya 38.9 kwenye nusu haina mjadala.

Koili ya marejeo haihitaji ufagiaji. NanoVNA iliwekwa itoe wimbi moja la 38.9 bila kusogea, na mita ikafungwa pini 12. Bila ishara pini hiyo inakaa karibu volti 6. Ishara ikiwa ya kutosha, AGC inaishikilia karibu volti 3. Ujanja ni kupunguza nguvu hadi pini 12 isimame katikati, tuseme 4.5, mahali ambapo AGC haijaanza kuvuta. Kwa IC hii inakuwa ni kupunguza dB 60 na zaidi. Halafu koili inazungushwa kutafuta volti ya chini kabisa. AGC ikiwa inafanya kazi, volti haibadiliki hata ukihama mbali, na ndipo watu wanaposema koili imekufa.

AFC inakuja baada ya marejeo, kamwe si kabla, kwa kuwa inakula kutoka kwenye koili hiyo. Nguvu ya ishara ilirudishwa juu, mita ikahamia pini 5, koili ikawekwa hadi volti ikawa nusu ya reli ya volti 12, kama 6. Kisha masafa yakasogezwa kHz 50 juu na 50 chini: volti ikimbie upande mmoja, halafu upande wa pili. Ikikimbia upande mmoja tu, umekaa kwenye kilele cha uongo, endelea kuzungusha.

Kurudisha kwenye kabati

Kifuniko cha bati cha moduli kilipofungwa, mtego ulipanda takriban kHz 60. Bati linapunguza nguvu ya koili iliyo karibu nalo. Makopo yanayofikika kwa tundu za kifuniko yalirekebishwa kifuniko kikiwa kimefungwa.

Ndani ya seti, modyuleta kwenye G, koili ya TBA120S ilipangwa kwa sikio: sauti yenye nguvu na mvumo mdogo kabisa huku maandishi meupe yakipita juu ya weusi. Rangi ilikuja bila kugusa chochote. Herufi zikanyooka.

Jambo moja la kuangalia unapotafuta stesheni kutoka kwenye visanduku vya bei nafuu: vinatoa pande zote mbili za picha, havikati upande mmoja kama mtambo wa matangazo ulivyokuwa unafanya. Kwa hiyo picha inaweza kuonekana nzuri ukiwa umetyuni upande usio sahihi, na hapo sauti haipo. Sogeza mpaka sauti iingie, kisha ndipo uwashe AFC.

Mvumo kidogo ulibaki kwenye manukuu meupe kabisa tu. Huo haukuwa wa IF. Video iliyoingia kwenye modyuleta ilikuwa kubwa kupita volti 1, kisanduku kikawa kinalifuta wimbi la picha kwenye weupe, na hakuna koili ya televisheni inayoweza kurudisha wimbi ambalo halikutumwa. Skrubu ya kiwango cha video ndani ya kisanduku ilirudishwa chini hadi mvumo ukaisha, weupe ukabaki mweupe.

Viini vilifungwa kwa tone la nta ya mshumaa, si gundi kavu, kisha skrubu ya AGC ya tyuna ikawekwa pale ambapo picha inaacha chenga, ikazidishwa kidogo tu. Kisanduku kinatoa ishara kali, na ukiizidisha zaidi ya hapo kona za picha zinaanza kupinda kabla ya kitu kingine.